Makuti, mabati au dari ya boriti: ulinganisho kwa anayeezeka nyumba Lamu

Mtu anayejenga au kukarabati nyumba katika Kaunti ya Lamu kwa kawaida huanza na bei ya paa. Ningemwomba atangulize maswali mawili: ukuta wake umejengwa kwa nini, na maji ya kunywa atayapata wapi? Ukishayajibu hayo, chaguo nyingi hujiondoa zenyewe, na bei unaiuliza ukiwa unajua unanunua nini.

Kaunti ni moja lakini nyumba zake si za namna moja. Katika Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, kuna nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, vyumba virefu vyembamba. Pate, Siyu na Faza utaziona nyumba za mawe zikiwa bega kwa bega na za udongo. Ukivuka bara, Hindi, Mpeketoni na Witu, nyumba nyingi ni za matofali, mbao au udongo, zimetawanyika mashambani. Ushauri unaomfaa mwenye nyumba ya Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale, unaweza kumharibia mwenye shamba Mpeketoni.

Jambo moja wote wanalishiriki. Lamu iko karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupiga paa zaidi kuliko ukuta. Joto unalolalamikia sebuleni limeteremka kutoka juu.

Makuti

Kwa ubaridi, makuti hayana mpinzani. Hewa hupenya, joto halishikiki, na mvua ikinyesha usiku unasikia mnong'ono tu. Lakini lazima ujue unanunua makuti gani. Makuti ya kumba, yaani kuti lililopasuliwa katikati na kusukwa, yanafaa ua, banda na choo cha nje. Nyumba ya kulala inataka makuti ya viungo, ambayo majani yake yamekunjwa juu ya ufito na kushonwa. Viungo vikipangwa kwa kubanana, paa hufika miaka 8 hata 10. Fundi akivitawanya ili mzigo mmoja utoshe nyumba nzima, msimu wa tano huanza kuvuja. Mteremko nao una kazi yake: kipaa cha nyuzi 40 au zaidi humwaga maji kabla hayajazama, na kipaa kilicholala huoza haraka hata kama makuti ni mazuri.

Kuna la jiko pia. Zamani moshi wa kuni ulipanda ukayakausha makuti na kuwafukuza wadudu. Anayepikia gesi chini ya makuti ana usafi zaidi, ila paa lake limepoteza kinga hiyo, na atalazimika kulikagua mara kwa mara.

Kasoro kubwa ni moto. Lamu na Shela zimewahi kupoteza nyumba nyingi kwa moto wa makuti, kwa sababu mitaa ni finyu na cheche ikibebwa na upepo wa kusi haiulizi nyumba ya nani. Nyumba iliyo peke yake shambani inaweza kuezekwa makuti kwa roho safi. Katika mtaa ambao paa lako na la jirani yanatenganishwa na kichochoro cha punda mmoja, usiyaweke makuti juu ya jiko, na usipitishe nyaya za umeme katikati yake bila bomba la kuzikinga.

Halafu kuna maji. Yanayotoka kwenye makuti ni ya kahawia na yamebeba uchafu wa majani, panya na ndege. Yatamwagilia bustani, kunywa hapana. Kisiwani ambako kisima ni cha chumvi, hilo peke yake laweza kuamua.

Mabati

Mabati yamesemwa vibaya sana na wapenzi wa majengo ya kale, na baadhi ya maneno hayo yana haki. Yana joto, yana kelele, na juu ya nyumba ya mawe hayapendezi. Lakini kwa familia ya mashambani mabati yamefanya kazi ambayo paa jingine haliwezi: yameleta maji safi mlangoni.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8 ina mita 80 za mraba. Mwaka wenye milimita 900 za mvua, ambao si mwaka wa ajabu Lamu, huangusha lita 72,000 juu yake. Toa sehemu ya tano kwa yanayoruka na kumwagika, unabaki na lita 57,600. Familia ya watu watano wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku humaliza 36,500 kwa mwaka. Maji yapo, na kinachokosekana ni pa kuyaweka. Masika humwaga sehemu kubwa kati ya Aprili na Juni, kisha Januari hadi Machi mbingu hufunga. Siku 90 za ukavu kwa lita 100 kwa siku ni lita 9,000, kwa hiyo tangi la lita 10,000 likiingia mwezi wa Januari limejaa huivusha nyumba hiyo. Anayenunua mabati bila gata na tangi amenunua nusu ya paa. Mvua ya kwanza iachwe ipite, ioshe chumvi na kinyesi cha ndege, ndipo bomba lielekezwe tangini.

Sasa, mabati gani? Geji, yaani namba ya unene wa bati, huhesabiwa kinyume: namba ikipungua, bati huwa nene. Geji 30 ni karibu milimita 0.3, geji 28 karibu 0.4, geji 26 karibu nusu milimita. Muuzaji atakusukuma kwenye geji 30 kwa sababu bei yake hushawishi. Karibu na bahari usiikubali. Hewa ya chumvi haichoki, na bati jembamba likianza kutu halina kitu cha kuliwa kabla halijatoboka. Kilichopakwa juu ya bati ni muhimu vilevile. Bati la kawaida limepakwa zinki. Kuna jingine lenye mchanganyiko wa alumini na zinki, alumini ikiwa asilimia 55, nalo huvumilia hewa ya bahari vizuri zaidi. Rangi ya kiwandani huongeza kinga nyingine. Kutu huanzia palipokatwa na palipotobolewa, kwa hiyo agiza mabati kwa urefu kamili wa kipaa ili yasikatwekatwe, na utumie skrubu zenye raba badala ya misumari mitupu.

Onyo moja ambalo mafundi wengi hawalitaji: chokaa mbichi na saruji mbichi hula mipako ya zinki na alumini. Piga lipu ya ukuta kwanza, ndipo uezeke. Ikibidi kazi zipishane, funika mabati, na tone lililoanguka lioshwe papo hapo.

Bati ni jepesi, kama kilo 4 kwa mita ya mraba, na wepesi huo ni faida kwa ukuta na hatari kwa upepo. Kombamoyo, yaani miti inayobeba kipaa, zifungwe kwenye mtambaapanya, ule mti uliolala juu ya ukuta, kwa mikanda ya chuma, na mtambaapanya ushikwe na ukuta wenyewe. Kuhusu joto, acha tundu za hewa kwenye visusi, yaani pembe tatu za ukuta chini ya paa, weka dari ya ndani, na uchague rangi nyeupe au ya kijivu hafifu. Mabati mekundu na meusi yanayovutia macho barabarani hunywa jua.

Dari ya boriti

Hapa ndipo penye mjadala wenyewe, kwa sababu dari ya boriti, yaani paa bapa la mawe na chokaa lililobebwa na miti, ni sehemu ya ukuta kuliko ilivyo kofia ya nyumba.

Boriti hukatwa katika mikoko, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba vya Lamu: chumba hurefuka kadiri mwenyewe apendavyo, lakini upana hauzidi sana mita 3. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa ya matumbawe, kisha kokoto na chokaa, na yote hupondwa kwa vipande vya mti siku kwa siku mpaka yashikane yawe sakafu. Unene huo hunywa joto mchana polepole na kulitoa usiku polepole. Haushiki moto kirahisi. Unakupa uwanja wa kuanikia nguo, kulala usiku wa joto na kupunga upepo. Ukitunzwa, huishi kuliko aliyeujenga.

Neno "ukitunzwa" ndilo zito. Dari haivumilii kusahauliwa. Matundu ya kutemea maji yakiziba majani, maji husimama. Yakisimama, hutafuta ufa. Yakipata ufa, huenda moja kwa moja kwenye ncha ya boriti iliyozikwa ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Boriti kavu huweza kukaa vizazi. Ncha ikishalowa mfululizo huoza, na siku moja dari hukatika karibu na ukuta huku katikati ya boriti kungali kugumu. Ukitembelea magofu ya Takwa kisiwani Manda, mji ulioachwa katika karne ya 17, utaona kuta nyingi zingali zimesimama na dari zimekwisha. Nyumba ya mawe hufa kuanzia juu.

Kazi ya mwaka si kubwa. Kabla ya masika, panda juu, fagia, zibua matundu, ng'oa miche ya mkuyu ambayo ndege wameipanda kwenye nyufa, jaza nyufa kwa chokaa, kisha paka chokaa nyepesi mikono kadhaa. Anayeiruhusu miche ikue miaka miwili atakuja kuvunja ukuta ili kuitoa.

Makosa mawili yanaziua dari za Lamu kwa kasi siku hizi. La kwanza ni tangi. Lita 1,000 za maji ni tani nzima, na kuiweka katikati ya chumba juu ya boriti za zamani ni kuomba maafa. Tangi likae juu ya makutano ya kuta nene, au chini kabisa na pampu. La pili ni saruji. Mtu huona uvujaji, humwita fundi, fundi humwaga tabaka la saruji juu ya chokaa. Saruji ni ngumu na chokaa hucheza kidogo kwa joto na baridi, basi ndani ya misimu michache saruji hupasuka nyuzi nyembamba. Maji huingia kwa nyufa hizo na hayatoki tena, kwa sababu jua haliyafikii. Lami ina hadithi ileile: hutuliza kwa muda, kisha huvimba kwa jua.

Boriti mpya hupatikana, maana zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii, lakini si ya kujikatia. Ukataji unahitaji leseni ya Huduma ya Misitu, na serikali imewahi kuufunga kabisa, kama ilivyofanya mwaka 2018 kabla ya kuilegezea Lamu mwaka uliofuata. Nunua kwa mkataji mwenye karatasi, na ununue boriti kweli. Mazio, mti wa mikoko mwembamba kuliko boriti, ni wa bei rahisi, na kuna wauzaji wanaoupitisha kama boriti kwa mnunuzi mgeni.

Wengine huvunja dari yote na kumwaga slabu ya zege. Kwenye nyumba mpya ya mawe ya Maweni, machimbo ya kisiwani Manda, iliyojengwa kwa nguzo na mikanda ya zege, sina pingamizi, mradi mchanga usiwe wa ufuoni. Mchanga wa bahari una chumvi, chumvi huozesha nondo za chuma zilizo ndani ya zege, nondo ikiota kutu huvimba na kuipasua slabu kutoka ndani. Utaanza kuona vipande vikidondoka darini kabla hujamaliza kulipa mkopo. Juu ya kuta za kale za chokaa sishauri slabu kabisa. Kuta hizo zilizoea mzigo uliotawanywa na boriti nyingi ndogondogo, na zege haina ulaini wa kwenda nazo zinaposogea.

Vigae nitavipitia haraka. Ni vizuri na ni vizito, zaidi ya kilo 40 kwa mita ya mraba, kila kigae kivuke kwa mashua na kipite kichochoroni mgongoni mwa punda. Kwa visiwani uzito na uchukuzi humaliza hoja. Bara, penye barabara, vinazungumzika.

Na ikiwa nyumba uliyonunua ina paa la asbesto, usilivunje mwenyewe. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, na vumbi lake huua mapafu kimyakimya baada ya miaka mingi. Kuliondoa ni kazi ya mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na gharama hiyo iingize kwenye bei ya nyumba kabla ya kutia saini.

Ukuta wa nje: chokaa au saruji

Nimeona watu wakitumia fedha nyingi juu, kisha wakamwachia ukuta fundi yeyote aliyekuwa karibu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu madhara yake hayaonekani mpaka yawe makubwa.

Jiwe la matumbawe lina vitundu. Hunyonya unyevu kutoka ardhini, na unyevu huo umebeba chumvi. Ukuta uliopigwa lipu ya chokaa hupumua: unyevu hutoka, chumvi huganda juu ya lipu, lipu humomonyoka kidogo, nawe unairekebisha. Lipu ya chokaa hujitoa mhanga ili jiwe libaki. Ukiiziba kwa saruji na rangi ya plastiki, unyevu haupotei. Hupanda juu zaidi, hadi unapokuta njia, mara nyingi ndani ya chumba cha kulala au kwenye ncha za boriti za ghorofa ya kwanza. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio wa utupu, saruji imeshaachana na jiwe, na nyuma yake kuna unga wa mchanga uliokuwa ukuta.

Tiba inataka subira. Bandua saruji mpaka juu ya alama ya unyevu, acha ukuta ukauke kwa miezi, kisha piga chokaa kwa matabaka membamba, sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga usio na chumvi, kila tabaka lisizidi sentimita 1. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, si kwa kukauka tu, kwa hiyo ikinge na jua kwa magunia yenye maji siku za mwanzo. Ukitumia chokaa ya mifuko ya dukani, iloweke majini wiki kadhaa kabla ya kuichanganya; huwa laini na hushika vizuri zaidi.

Saruji si adui kila mahali. Ukuta wa tofali za zege wa Mpeketoni unaipokea bila shida, na kazi huisha haraka. Ukuta wa udongo hauipokei: saruji hujibandua kipande kizima baada ya mvua chache na kuondoka na udongo. Huo upakwe udongo uliochanganywa na chokaa kidogo, na ulindwe na paa lenyewe. Mwenye nyumba ya udongo anayehama kutoka makuti kwenda mabati aangalie hapo. Makuti huning'inia mbali na ukuta, lakini mabati mara nyingi hukatwa fupi ili kuokoa fedha, na masika ya kwanza huanza kuulamba ukuta. Ongeza mchirizi, yaani ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta, ufike sentimita 60 hadi 90.

Ningechagua nini

Nyumba ya mawe ya Mji wa Kale yenye dari inayookolewa: dari ya boriti na lipu ya chokaa, hata kama itabidi kufanya chumba kimoja kila mwaka. Kivuli cha makuti juu ya sehemu ya dari kinaruhusika moyoni mwangu ikiwa jiko liko mbali na jirani yuko mbali. Nyumba ya Faza au Kizingitini ambako kisima ni chumvi tupu: mabati ya alumini na zinki, geji 28 au 26, gata na tangi, bila kuomba radhi kwa yeyote. Nyumba ya shamba ya Witu au Hindi: mabati tena, mchirizi mrefu, na banda la makuti pembeni la kupumzikia mchana. Nyumba ndogo ya likizo iliyo peke yake: makuti ya viungo, ila mwenyewe awe tayari kuezua na kuezeka upya mara tatu au nne katika miaka 30, na ajumlishe gharama hizo kabla ya kusema makuti ni rahisi.

Ndani ya Mji wa Kale huanzi kazi kwa mapatano na fundi pekee. Eneo linalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, na mabadiliko ya paa au uso wa nyumba yanataka ridhaa ya Makavazi ya Kitaifa pamoja na kibali cha kaunti. Nenda ofisini mapema ukiwa na picha na mchoro. Maofisa wa uhifadhi wanajua ni mafundi gani wa chokaa waliobaki.

Fundi mwenyewe mpime kwa maswali. Wa chokaa aulizwe anailoweka muda gani. Akisema anachanganya asubuhi na kupiga mchana, mshukuru, muage. Wa mabati aulizwe geji kwa namba na aina ya mpako, kisha geji na mpako viandikwe kwenye makubaliano. Wa makuti akuonyeshe paa alilolifanya miaka mitano iliyopita, wala si la mwezi jana. Lipa kwa hatua, na fungu la mwisho libaki mkononi mwako mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite.

Kuhusu wakati, kazi ya kufungua paa iingie Januari na iishe kabla ya katikati ya Machi, kaskazi ikivuma na anga ikiwa kavu. Lipu ya chokaa haipendi jua hilo kali, basi ipewe Agosti na Septemba, masika yakiwa yamekwisha na kusi ikileta ubaridi. Ukimwita fundi Machi mwishoni, mtakuwa mnashindana na mawingu, na boriti zilizofunguliwa zitakuwa za kwanza kulowa.